Kompyuta moja, watu wengi: nani aone nini?

Katika nyumba ya kupanga yenye vyumba 6, kila mpangaji ana kufuli lake, lakini ua ni mmoja, bomba ni moja na choo ni kimoja. Mwenye nyumba naye hukaa na funguo za akiba za vyumba vyote. Watu huishi hivyo miaka mingi bila ugomvi mkubwa, kwa sababu kila mmoja anajua kipi ni chake, kipi ni cha wote na kipi ni cha kuazima kwa kuomba. Wiki hii nataka tuzungumze juu ya nyumba ya kupanga ya namna nyingine, yaani kompyuta moja inayotumiwa na watu wengi kwa pamoja. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 wataalamu wamehangaika kutafuta utaratibu wa nani aone nini ndani yake, nani abadilishe nini, na nani awe na mamlaka ya kuamua hayo.

Huenda wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya mafundi. Sivyo. Jina lako, mshahara wako, cheti chako cha kuzaliwa, majibu ya vipimo vyako vya hospitali na salio lako la benki vimo ndani ya mashine ambazo hujapata kuziona, na ambazo hufunguliwa kila siku na watu usiowajua. Swali la nani aruhusiwe kufungua lilianza kujibiwa na watu wachache waliokuwa wakifanya kazi ya utafiti chuoni, na majibu yao ndiyo tunayoishi nayo mpaka leo.

Turudi nyuma kidogo. Katika miaka ya 1950 kompyuta ilikuwa kitu cha kupangiwa foleni. Mtaalamu aliandika programu yake, ikatobolewa kwenye kadi ngumu za karatasi, akazibeba hadi dirishani na kumkabidhi mhudumu. Kesho yake alirudi kuchukua majibu yaliyochapishwa. Kama alikosea herufi moja tu, alianza upya. Utaratibu huo ulichosha sana, lakini ulikuwa na faida moja ambayo wachache waliitilia maanani wakati ule: mtu aliondoka na habari zake kwapani. Hapakuwa na haja ya kufuli kwa sababu hapakuwa na chumba.

Chumba kilizaliwa mwezi Novemba mwaka 1961, katika chuo cha MIT kilichoko Cambridge, jimbo la Massachusetts, nchini Marekani. Fernando Corbató na wenzake, Marjorie Daggett na Robert Daley, walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, ukiendeshwa katika kompyuta ya IBM 709. Mfumo huo uliwawezesha watu kadhaa kuitumia mashine kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa kwenye taipureta yake. Mashine ilimhudumia mmoja kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, ikaruka kwa wa pili, ikaruka kwa wa tatu, kisha ikarudi kwa wa kwanza kabla hajajua kwamba iliondoka. Baadaye mfumo ulihamishiwa katika mashine kubwa zaidi, IBM 7094, na ukaweza kuhudumia watu wapatao 30 kwa pamoja.

Kugawana muda kulisifiwa sana magazetini. Kwa maoni yangu, jambo lililobadilisha dunia zaidi ni lile lililokuja sambamba nalo. Mtu aliyefanya kazi leo alitaka aikute kazi yake kesho pale pale alipoiacha. Kwa hiyo kila mtumiaji alipewa sehemu yake katika diski, aweke mafaili yake humo. Sasa mashine ikawa ghala lenye mali ya watu wengi, na wote wanaingilia mlango mmoja.

Dawa ya kwanza ilikuwa neno la siri. Corbató alieleza miaka mingi baadaye kwamba hawakuliona kuwa jambo la kufikiriwa sana: watu ni wengi, kila mmoja ana mafaili yake, basi kila mmoja apewe neno lake, aliandike anapoingia. Mwaka 2014, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80, aliliambia gazeti moja la Marekani kwamba maneno ya siri yamegeuka kuwa jinamizi. Lakini jinamizi hilo lilianza mapema mno, tena nyumbani kwake mwenyewe.

Mwaka 1962 alikuwapo pale MIT mwanafunzi wa shahada ya uzamivu aliyeitwa Allan Scherr. Alipewa saa 4 kwa wiki za kutumia kompyuta, na utafiti wake ulihitaji saa nyingi kuliko hizo. Aligundua kwamba mtu aliweza kuomba faili lichapishwe kwa kupeleka kadi iliyotobolewa namba ya akaunti na jina la faili. Mashine haikuuliza kama mwombaji ndiye mwenye faili. Basi usiku wa Ijumaa moja alipeleka kadi ya kuomba faili lenye maneno ya siri ya watumiaji wote. Jumamosi asubuhi alikwenda mahali ambapo karatasi zilizochapishwa huwekwa, akachukua orodha yake, akaondoka. Tangu siku hiyo saa za kompyuta hazikumpungukia. Alimaliza utafiti wake, na alimkiri Corbató jambo hilo baada ya miaka ipatayo 25.

Tazama vizuri kilichotokea. Hakuna kufuli lililovunjwa. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa na mlinzi yupo, ila mlango wa jikoni hakuna aliyeukumbuka.

Kioja cha pili kilitokea mwaka 1966, nacho hakikuhitaji mwizi. Kila mtumiaji alipoingia katika CTSS, kwanza alichapiwa tangazo la siku, pengine kwamba mashine itasimamishwa saa fulani au kwamba programu fulani imebadilishwa. Ijumaa moja jioni, waliofungua mashine hawakupata tangazo. Taipureta zao zilianza kuwachapia orodha nzima ya watumiaji pamoja na neno la siri la kila mmoja. Sababu yake ilikuwa ndogo kabisa. Wasimamizi wawili walikuwa kazini kwa wakati mmoja ndani ya eneo la wasimamizi, mmoja akirekebisha tangazo, mwingine akirekebisha orodha ya maneno ya siri. Programu ya kuhariri ilikuwa ikiweka nakala ya muda kwa jina lile lile, awe anahariri nani, maana aliyeiandika hakutarajia kwamba siku moja watu wawili watakuwa mle kwa pamoja. Nakala zikapishana, tangazo likaenda mahali pa orodha na orodha ikaenda mahali pa tangazo.

Mtumiaji mmoja aliyeona mambo hayo aliamua haraka. Aliipa mashine amri aliyojua kwamba itauangusha mfumo mzima, na ukaanguka. Tom Van Vleck, mmoja wa waliokuwa wakiutunza mfumo, amesimulia kwamba ilimbidi abaki kazini saa kadhaa jioni ile akibadilisha maneno ya siri ya watu. Corbató alipopewa Tuzo ya Turing ya mwaka 1990, ambayo ndiyo heshima kubwa kuliko zote katika fani hiyo, alikitumia kisa hiki katika hotuba yake, mbele ya wenzake wote.

Lakini siri ni nusu tu ya habari, na naona ni nusu iliyo nyepesi. Kumfungia kila mtu chumbani mwake si kazi ngumu. Ugumu unakuja wanapotaka kushirikiana. Wataalamu wa MIT walikuwa wakiandika programu zao pamoja, mmoja akianza na mwingine akiendeleza. Mwenzako akitaka kusoma faili lako utampaje? Njia rahisi ni kumpa neno lako la siri, na ukishampa hilo umempa kila kitu, na barua zako humo humo. Kumnyang'anya tena huwezi isipokuwa ubadilishe kufuli, na ukibadilisha umewafungia nje wote wengine uliokuwa umewapa.

Kabla ya mwaka 1965 watu wa CTSS waliotaka kupelekeana ujumbe walitengeneza faili, wakalipa jina kama "KWA TOM", wakaliacha katika eneo la wote wakitumaini kwamba Tom atapita na kuliona. Yeyote aliyepita kabla ya Tom aliweza kulisoma. Mwaka ule Van Vleck na mwenzake Noel Morris waliandika programu ya kupeleka barua. Mtumiaji wa kawaida hakuwa na ruhusa ya kuandika katika eneo la mwenzake, kwa hiyo programu hiyo ilibidi ipewe idhini maalum ya kutia ujumbe katika sanduku la barua la mtu mwingine. Barua za kompyuta zinazojaza ofisi zetu leo zina ukoo na ruhusa hiyo ndogo. Mwaka huo huo, mfumo mpya wa mafaili uliwaletea watumiaji amri za kumruhusu mwenzako afikie faili fulani tu, na za kuifuta ruhusa hiyo.

Wakati huo huo MIT, kampuni ya General Electric na maabara za Bell zilikuwa zimeungana kujenga mfumo mkubwa zaidi, Multics. Wenyewe waliuelezea kama huduma ya umma, mfano wa umeme na simu: mji mzima ungeunganishwa na mtambo mmoja, mchana na usiku. Katika nyumba ya wapangaji elfu moja wasiofahamiana, kuaminiana peke yake hakutoshi. Maabara za Bell zilichoka na kujitoa mwaka 1969, lakini mwaka huo huo Multics ilianza kutoa huduma pale MIT.

Uamuzi wao mkubwa ulikuwa huu. Kila faili lilipewa orodha yake ya majina. Mbele ya kila jina paliandikwa anachoruhusiwa mtu huyo: kusoma tu, au kusoma na kuandika, au kuiendesha programu. Mwenye faili ndiye aliyeandika orodha hiyo. Akitaka kumwongeza mtu, anaongeza jina. Akitaka kumwondoa, anafuta jina, na wengine hawasumbuliwi. Tena mashine haikukagua orodha mlangoni peke yake. Ukaguzi uliwekwa katika mtambo wenyewe, kila habari ilipoguswa, hata ruhusa ikifutwa saa 4 asubuhi, dakika inayofuata mtu yule hapati kitu.

Jerome Saltzer, mmoja wa wajenzi wa Multics, aliandika makala mwaka 1974 kueleza kanuni walizozifuata. Mwaka uliofuata, yeye na Michael Schroeder walichapisha makala nyingine ndefu zaidi, yenye kanuni 8, ambayo walimu wa kompyuta wanaifundisha mpaka leo. Sitazisoma zote hapa. Nataka tukae na moja, ambayo mtu yeyote aliyewahi kukaa ofisini ataielewa.

Kanuni hiyo yasema kwamba pasipokuwa na ruhusa, jibu ni hapana. Orodha iwe ya wanaoruhusiwa, isiwe ya wanaokatazwa. Ukiisikia haraka utadhani ni mambo mamoja, lakini sababu yake ni ya busara. Katika orodha yoyote makosa hayakosekani. Kama orodha ni ya wanaoruhusiwa na karani amesahau jina moja, mwenye jina atakuja mbio siku hiyo hiyo kulalamika, na kosa litarekebishwa. Kama orodha ni ya wanaokatazwa na jina limesahauliwa, aliyesahauliwa ataingia na kutoka bila kusema neno. Kosa la kwanza linapiga kelele. La pili linanyamaza kimya mwaka hata mwaka. Na kadi ya Allan Scherr ilipita kwa sababu hakuna aliyewahi kuiandika katika orodha ya mambo yanayokatazwa.

Kuna jambo jingine ambalo Saltzer na Schroeder hawakulikwepa, nalo ni la mwenye nyumba na funguo zake za akiba. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Msimamizi wa mfumo ndiye kata. Mtumiaji akifariki, akiacha kazi, au akisahau neno lake, lazima awepo mtu wa kufungua. Lakini aliye na uwezo wa kufungua kwa dharura ana uwezo wa kufungua kwa udadisi, na kwa chuki. Mwaka 1975 waandishi hao walitaja njia za kumpunguzia mkubwa uhuru huo: kila abadilishapo ruhusa jina lake liandikwe, au mabadiliko yacheleweshwe kwa muda, au mtu mwingine aarifiwe, au lisifanyike lolote mpaka mtu wa pili akubali. Naomba uishike hiyo ya mwisho, tutairudia.

Isidhaniwe kwamba wote waliafiki mambo ya kufuli. Katika jengo lile lile walimokuwa watu wa Multics, kwenye maabara ya akili bandia ya MIT, vijana walijenga mfumo wao wakauita ITS. Hata jina lenyewe lilikuwa kejeli kwa CTSS. ITS haikuwa na maneno ya siri. Mtu yeyote aliweza kusoma faili la mtu yeyote, na ilikuwapo hata programu ya kuchungulia mwenzako anachoandika wakati ule ule. Ilikuwapo pia amri ya kuuangusha mfumo mzima, iliyo wazi kwa kila mtu. Hoja yao ilikuwa kwamba ukiweka kufuli unawaalika watu walijaribu, na usipoliweka hakuna sifa ya kulivunja. Richard Stallman, aliyelelewa kitaaluma katika maabara hiyo, alichukizwa maneno ya siri yalipoletwa katika mashine nyingine ya chuoni katika miaka ya 1970. Aliwashawishi watumiaji waache nafasi ya neno la siri ikiwa tupu, na baadhi yao walimfuata.

Siwadharau vijana wale. Kazi yao ilikuwa nzuri na walipeana bila choyo, na huko baadaye Stallman alianzisha harakati za programu huria zinazotumiwa dunia nzima. Lakini wao walikuwa kama ndugu wa tumbo moja katika nyumba yao, na ndugu hawafungiani milango. Rejista ya wagonjwa haiwezi kuendeshwa kwa namna hiyo.

Wale wa upande wa kufuli nao hawakuwa salama. Jeshi la anga la Marekani lilitaka kujua kama Multics ingefaa kutunza siri za kijeshi, likawaweka Paul Karger na Roger Schell waijaribu. Ripoti yao ya mwaka 1974 ilionyesha kwamba waliingia. Waliacha hata tundu la siri ndani ya mfumo, na kiwanda chenyewe kikalisambaza kwa wateja bila kujua. Ken Thompson wa maabara za Bell alilichukua wazo moja katika ripoti hiyo na kulifanya kiini cha hotuba yake ya Tuzo ya Turing.

Thompson huyo na Dennis Ritchie ndio waliojenga Unix baada ya Bell kujitoa Multics. Walipunguza kila kitu. Badala ya orodha ndefu ya majina, kila faili la Unix lilikuja kuwa na watu wa aina 3 tu, yaani mwenye faili, kundi lake na wengine wote, na kila aina ikawa na ruhusa 3, kusoma, kuandika na kuendesha. Ni alama 9 zinazoingia katika nafasi ndogo sana. Mtu hawezi kusema "fulani na fulani tu," lakini utaratibu wake unaeleweka kwa siku moja, na kwa urahisi huo ulienea. Umo mpaka leo katika mashine nyingi zinazoendesha mtandao wa intaneti.

Unix pia ilitumia mbinu iliyotoka Uingereza, iliyobuniwa na Roger Needham katika Chuo Kikuu cha Cambridge na kuelezwa katika kitabu cha Maurice Wilkes cha mwaka 1968. Neno la siri halihifadhiwi jinsi lilivyo. Linasagwa kwanza kama mahindi. Mtu akiingia, neno analoandika nalo linasagwa, na unga unalinganishwa na unga. Atakayeiba ghala ataiba unga, na unga haurudi kuwa punje. Kisa cha mwaka 1966 kisingekuwa na madhara makubwa kama orodha ile ingekuwa ya unga.

Lakini binadamu ni yule yule. Robert Morris na Ken Thompson walikusanya maneno ya siri 3,289 ya watumiaji halisi, wakachapisha matokeo mwaka 1979. Maneno 15 yalikuwa ya herufi moja. Maneno 72 yalikuwa ya herufi mbili, na 464 ya herufi tatu. Kwa jumla asilimia 86 yalikuwa mafupi mno au yamo katika kamusi na orodha za majina, na yangebahatishwa bila taabu. Miaka 9 baadaye, tarehe 2 Novemba 1988, programu iliyojisambaza yenyewe ilizagaa katika maelfu ya kompyuta za intaneti, na mojawapo ya mbinu zake ilikuwa kubahatisha maneno ya siri. Aliyeiachia alikuwa mtoto wa Robert Morris huyo huyo, naye alitiwa hatiani mwaka 1990.

Sasa tuje kwenye mambo yaliyotikisa serikali. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, Marekani ilijilaumu kwamba idara zake zilifichana habari. Tume iliyochunguza mashambulizi hayo ilisema hivyo mwaka 2004: mazoea ya kumpa mtu kile tu anachokihitaji kwa kazi yake yaliwazuia kuunganisha dalili walizokuwa nazo. Milango ikafunguliwa. Ripoti za balozi za Marekani zikawekwa katika mtandao wa siri wa jeshi ambao mamia ya maelfu ya watu waliweza kuufikia. Mwaka 2010 Chelsea Manning, askari wa cheo cha chini aliyekuwa Iraq, alinakili ripoti hizo zaidi ya 250,000. Neno la siri alilotumia lilikuwa lake mwenyewe, halali kabisa. Hapakuwa na orodha iliyouliza mchambuzi wa mambo ya Iraq anatafuta nini katika ripoti za bara jingine. Zilipochapishwa, zikiwamo za kutoka Nairobi na Dar es Salaam, wananchi wa huku nao wakasoma mabalozi walichokuwa wakiwaandikia wakubwa wao kuhusu viongozi wetu. Wapo waliomwita msaliti na wapo waliomwita shujaa. Alihukumiwa kifungo cha miaka 35 mwaka 2013, akapunguziwa, na akatoka mwaka 2017.

Mwaka ule wa 2013 ikaja zamu ya kata mwenyewe. Edward Snowden alikuwa msimamizi wa mifumo, ameajiriwa na kampuni iliyokuwa ikifanyia kazi shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani. Alitoka na nyaraka zilizoonyesha jinsi shirika hilo lilivyokuwa likikusanya habari za simu na mtandao za watu wengi ndani na nje ya nchi. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini hapa wananchi nao waligundua kwamba nguo yenyewe ilikuwa imeshonwa kwa habari zao. Mkuu wa shirika, Jenerali Keith Alexander, alitangaza mwezi Juni mwaka huo kwamba wataweka utaratibu wa watu wawili: msimamizi mmoja asiweze kugusa mambo mazito mpaka wa pili akubali. Ndiyo ile njia niliyokuomba uishike, iliyoandikwa kwa lugha nyepesi katika makala ya mwaka 1975. Ilikaa vitabuni miaka 38.

Huku kwetu Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Zote mbili zinamtaka anayeshika habari za watu azilinde zisifikiwe na asiyehusika. Ukizisoma utakutana na mawazo ya watu wa Multics, ila yamevaa joho la wanasheria. Mwananchi akilalamika kwamba habari zake zimetoka, swali la kwanza la mchunguzi litakuwa nani alilifungua faili lake, siku gani, saa ngapi.

Nimepita katika ofisi zaidi ya moja hapa mjini ambamo makarani 5 wanaingia katika mashine kwa jina moja na neno moja la siri, limeandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa pembeni ya kioo, ili anayekuja zamu ya jioni asisumbuke kuuliza. Mfumo wenyewe ni wa kisasa, una orodha za ruhusa na una daftari linaloandika kila kinachofunguliwa. Daftari hilo limejaa kurasa na kurasa, na kila mstari una jina lile lile moja, "KARANI".